Kobe Wanne na Tundu la Sarafu

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi, walezi na vijana huko Iyula, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe. Tunaichapisha kwa faida ya wasomaji wetu wote.)





Mada niliyopewa leo ni michezo ya gemu na malezi ya watoto wetu. Huenda baadhi yenu mkaona kuwa hilo ni jambo dogo kuliko bei ya kahawa, pembejeo za mahindi na ada za shule. Lakini yafaa tukumbuke kwamba sarafu inayoingia katika kibanda cha gemu imetoka katika kahawa hiyo hiyo na mahindi hayo hayo, na kwamba saa anayoiacha mtoto ndani ya kibanda hairudi tena kwake wala kwa mzazi wake. Kwa hiyo jambo hili lastahili kuzungumzwa kwa utulivu.

Kila linapotajwa, hutolewa hukumu mbili. Wapo wasemao kwamba kibanda cha gemu ni pango la uovu na kinapaswa kufungwa leo kabla ya kesho. Na wapo wasemao kwamba huo ni utoto tu, na utapita kama ulivyopita utoto wetu. Hukumu zote mbili zina kasoro moja, nayo ni kwamba anayezitoa mara nyingi hajapata kulichunguza sanduku lenyewe na kujua linafanya kazi namna gani. Basi leo nataka tulifungue sanduku moja pamoja. Nimechagua mashine moja ya zamani, mashuhuri duniani, kwa sababu namna yake ya kufanya kazi inafahamika vizuri, na kwa sababu mengi yaliyo katika simu za watoto wetu leo yamerithi tabia yake.

Asili ya mchezo wenyewe

Mwaka 1984 vijana wawili wa Marekani, Kevin Eastman na Peter Laird, walichapa kitabu cha katuni kisicho na rangi, kwa nakala zipatazo 3,000 tu. Kilisimulia habari za kobe wanne waishio ndani ya mifereji ya maji machafu chini ya mji, ambao mwalimu wao wa sanaa ya kupigana ni panya aitwaye Splinter. Kobe hao walipewa majina ya wasanii wakubwa wa Italia wa karne zilizopita: Leonardo, Michelangelo, Donatello na Raphael. Jina la kitabu lilikuwa Teenage Mutant Ninja Turtles.

Kampuni ya kutengeneza vitu vya watoto iitwayo Playmates iliwataka kobe hao. Lakini mfanyabiashara huyo hakutaka kupeleka vinyago dukani kabla watoto hawajawajua na kuwapenda kobe katika televisheni. Basi katuni ikatengenezwa, ikaanza kuonyeshwa mwezi Desemba 1987, na mwaka uliofuata vinyago vikawa madukani. Tazameni mpangilio huo: hadithi ilitangulia kumwita mtoto, na bidhaa ikafuata nyuma yake.

Mwaka 1989 ikafika zamu ya kampuni ya Konami ya Japani. Kampuni hii ilianza mwaka 1969 huko Osaka kwa kazi ya kukodisha na kutengeneza mashine za muziki, zile ambazo mtu hutumbukiza sarafu ndipo santuri ipige. Kwa hiyo watu hawa waliijua sarafu tangu siku yao ya kwanza. Wakatengeneza sanduku kubwa lenye kioo, na mbele ya kioo wakaweka sehemu nne za kuchezea, kila moja kwa kobe wake. Kila mchezaji alikuwa na kijiti cha kuongozea na vitufe viwili, kimoja cha kupiga na kimoja cha kuruka. Kazi yao ilikuwa kumwokoa mwandishi wa habari aitwaye April O'Neil kutoka katika jengo linaloungua, kisha kumwokoa mwalimu wao Splinter, na hatimaye kumshinda adui yao Shredder.

Haki ni kuutaja uzuri ulipo. Wachezaji wanne wa mashine hii hawakupigana wao kwa wao, bali walisimama bega kwa bega dhidi ya adui mmoja. Kwa kuwa wote walikuwa katika kioo kimoja, hakuna aliyeweza kukimbia mbele na kuwaacha wenzake. Watoto wasiojuana walikutana mbele ya sanduku hilo na kuondoka wakiwa marafiki. Mzazi anayemwambia mtoto wake kwamba hakuna lolote jema ndani ya mchezo, hasikilizwi tena katika mengine yaliyobaki, maana mtoto amekwisha kuuona wema huo kwa macho yake.

Tundu la sarafu

Sasa, ndugu zangu, tuliangalie tundu. Kila sehemu ya kuchezea ilikuwa na tundu lake la sarafu. Sarafu ilinunua uhai. Kobe akipigwa mara kadhaa, uhai hupungua, na ukiisha, kioo humwuliza mchezaji kama anataka kuendelea, huku tarakimu zikihesabiwa kushuka kuelekea sifuri. Akitumbukiza sarafu nyingine, kobe wake husimama pale pale alipoanguka. Asipotumbukiza, hutoweka, na wenzake watatu huendelea bila yeye.

Tafakarini wakati swali hilo linapoulizwa. Haliulizwi mtoto akiwa ametulia, ametua pumzi na kuhesabu kilichomo mfukoni. Huulizwa wakati ameshindwa, moyo unamwenda mbio, wenzake wanamwita kwa jina, na muda unakatika mbele ya macho yake. Hata mtu mzima hafanyi uamuzi mzuri katika hali hiyo, sembuse mtoto wa miaka kumi.

Lipo jambo jingine ambalo mtoto hakuliona. Ndani ya sanduku mlikuwa na swichi ndogo ndogo. Mwenye mashine aliweza kulifungua na kuzipanga apendavyo: sarafu moja itoe uhai mmoja au zaidi, na maadui wawe wepesi au wakali. Mtoto alipodhani ameshindwa kwa sababu mkono wake ni mzito, huenda alishindwa kwa sababu swichi ilikuwa imegeuzwa asubuhi ile. Hadithi yote ya kobe wanne, kutoka jengo linaloungua hadi kumshinda adui mkubwa, humalizika kwa muda usiozidi saa moja. Kilichoamua gharama ya saa hiyo ni idadi ya maanguko, na maanguko hayo yalikuwa na mpangaji wake.

Mtu anaweza kuuliza: una hakika gani kwamba tatizo ni tundu na si mchezo? Hakika yapatikana katika historia ya mchezo huo huo. Mwaka 1990 Konami ilitoa toleo la kuchezea nyumbani, ambalo mnunuzi hulilipia mara moja tu dukani. Tundu likawa halipo. Na mtengenezaji akafanya nini? Aliongeza hatua mbili ambazo hazikuwamo katika sanduku, ili mnunuzi aone kwamba amepata thamani ya fedha yake. Hata hivyo, biashara haikukosa mlango mwingine, kwani ndani ya mchezo huo yalipachikwa matangazo ya mikahawa ya Pizza Hut. Mwaka 2022 mchezo ule wa zamani ulitolewa upya katika mkusanyiko mmoja na michezo mingine ya kobe hao, na humo sarafu hupatikana kwa kubonyeza kitufe tu, bila malipo. Kobe ni wale wale na adui ni yule yule, lakini uchungu wa kuanguka umeondoka. Basi ni dhahiri kwamba jino la mnyama huyu halikuwa katika kobe, bali lilikuwa katika tundu.

Wakubwa walitazama silaha

Msidhani kwamba wazazi wa nchi nyingine walinyamaza. Waliona, wakasema, na sheria zikatungwa. Lakini yafaa tutazame walisema juu ya nini.

Huko Uingereza neno ninja lilionekana kuwa kali kwa masikio ya watoto. Katuni ikabadilishwa jina, badala ya ninja wakaitwa mashujaa, na picha zinazoonyesha silaha ya Michelangelo, ambayo ni vijiti viwili vilivyoungwa kwa mnyororo, zikakatwa. Marekani nako, mwezi Desemba 1993, wabunge wa Seneti walikaa kujadili ukatili katika michezo ya gemu, baada ya kutoka michezo mingine yenye damu nyingi, hasa ule uitwao Mortal Kombat. Mwaka 1994 kikaundwa chombo cha kupanga michezo kwa umri wa mchezaji. Nchi za Ulaya zikafuata kwa utaratibu wao mwaka 2003.

Sisemi kwamba damu na silaha si hoja. Ni hoja, na mzazi ana wajibu wa kujua mtoto wake anatazama nini. Lakini wakati wakubwa wakibishana juu ya jina na vijiti vya kobe, tundu lilibaki mahali pake likimeza. Ilichukua muda mrefu kabla ya wakuu wa dunia kugeuka na kutazama muda na fedha za mtoto. Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa wa kutawaliwa na gemu katika orodha yake ya maradhi iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtu kushindwa kujizuia, mchezo kutangulizwa mbele ya mambo mengine yote ya maisha, na kuendelea nao ingawa madhara yanaonekana wazi; na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi. Kwa hiyo si kila mtoto apendaye gemu ni mgonjwa, na tusiwatie watoto wetu jina wasilostahili. China nayo, mwaka 2021, iliamuru kwamba walio chini ya miaka 18 wacheze gemu za intaneti saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu.

Tundu lilivyofika kwetu

Mtasema: hayo ni ya Japani na Marekani, hapa Iyula hakuna sanduku la kobe wanne. Ni kweli. Masanduku yale ni makubwa, ni ya gharama, na hayakuwa kitu cha kuletwa vijijini. Televisheni yenyewe ilichelewa Tanzania Bara. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kilichofika katika miji midogo na vijiji vyetu ni ile mashine ndogo ya nyumbani, ambayo mtengenezaji aliiuza bila tundu lolote.

Na hapa ndipo penye ajabu. Mwenye kibanda alinunua televisheni, akanunua PlayStation, akaweka benchi, kisha akakaa mlangoni akitoza kwa mchezo mmoja au kwa dakika. Mashine haikuwa na tundu, yeye akawa tundu. Simlaumu kwa hilo. Analipa umeme, analipa pango, na anatafuta riziki kama muuza duka mwingine yeyote. Nasema tu kwamba mtoto aliyeketi katika benchi lile yuko katika hali ile ile ya mtoto wa mwaka 1989: ameshindwa, wenzake wanatazama, na anayeuza nafasi ya kurudia yuko karibu naye akisubiri.

Simu nazo zimelirudisha tundu kwa umbo jipya. Gemu hupakuliwa bure, kisha katikati ya mchezo hutokea ombi la kununua uhai, nguvu au silaha. Safari hii hakuna sarafu inayolia ikianguka, wala mfuko unaozidi kuwa mwepesi. Fedha iliyowekwa katika simu ya baba kwa ajili ya mbolea huweza kupungua bila mtu kusikia sauti yoyote.

Je, kinachopotea ni shilingi mia mbili tu? Laiti ingekuwa hivyo. Mtoto aliyetumwa chumvi dukani akarudi na chenji pungufu, amepoteza kitu kikubwa kuliko chenji. Amejifunza kwamba amana inaweza kuvunjwa kidogo na jua likaendelea kuchomoza. Kesho ataificha daftari ya madrasa na kusema mwalimu hakuja. Mzazi akigundua, hupiga bila kuuliza. Na mtoto aliyepigwa bila kuulizwa hatafuti tena ruhusa, hutafuta mahali pa mbali zaidi, penye watu wasiomjua baba yake. Hapo ndipo anapokutana na mashine ya pili.

Mpaka wa kamari

Mashine hiyo ya pili ndiyo ile iitwayo dubwi. Kwa mbali inafanana na gemu, maana ina taa, ina sauti, na inameza sarafu. Wazazi wengi huzitaja zote kwa jina moja, na kosa hilo lina gharama kubwa.

Katika mchezo wa kobe, sarafu hununua muda wa kucheza, na ustadi wa mkono una kazi yake. Mchezaji hategemei kurudishiwa fedha. Katika dubwi sarafu hununua tumaini la sarafu nyingine, na mkono wa mchezaji hauna ujuzi wowote wa kuutumia. La kwanza ni pumbao lenye gharama, nalo latakiwa kupimwa. La pili ni kamari, na hukumu ya kamari katika dini yetu inajulikana kwa kila aliyemo msikitini humu. Sheria ya nchi nayo, tangu Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Mzazi akimwambia mtoto kwamba gemu na dubwi ni kitu kimoja, amemfundisha kwamba aliyekwisha kuingia la kwanza hana cha kupoteza akiingia la pili. Huo si ulinzi, bali ni kumfungulia mlango.

Nanyi vijana, sikilizeni jambo hili. Upo mtindo wa kucheza kwa masharti kwamba anayefungwa ndiye anayelipa, au wachezaji kuweka fedha mezani na mshindi akazichukua. Hapo mashine haikubadilika, lakini ninyi mmebadilika. Mmelichukua pumbao na kulivusha mpaka kwa mikono yenu wenyewe.

Tufanye nini?

Kwanza, mzazi aende akaone. Mwambie mwanao akueleze mchezo anaoupenda, nani ni nani, na mtu hushindaje. Mtoto anayemfundisha baba yake jambo hufurahi, na katika furaha hiyo husema mengi ambayo fimbo isingeyatoa.

Pili, kiasi kiwekwe kabla ya mchezo kuanza, si wakati wa kuanguka. Mtoto aingie akijua kwamba leo ni mchezo mmoja, na baada ya huo anaondoka, ashinde au ashindwe. Kwa vile tundu huuliza swali lake katika dakika mbaya kuliko zote, jibu liwe limekwisha kutolewa nyumbani. Na kwenye simu, namba ya siri ya fedha isikae mikononi mwa mtoto.

Tatu, kwa ndugu zetu wenye vibanda. Riziki yenu haitapungua kwa kumrudisha shuleni mtoto aliyevaa sare saa nne asubuhi, wala kwa kuzima televisheni wakati wa swala na wa madrasa, wala kwa kukataa fedha za mashindano mezani. Kibanda chenye utaratibu huo mzazi hatakiogopa, na kisichoogopwa hudumu.

Nne, na hili ni letu sisi wazee, tuwape watoto mahali pengine pa kuwa wanne. Tusijidanganye kwamba mtoto anafuata taa za kioo tu. Anafuata wenzake wanaomngoja na kumwita kwa jina lake. Bao limechezwa katika nchi yetu vizazi na vizazi chini ya miti na barazani. Ukishindwa unampisha mwenzako na kutazama anavyocheza, na hakuna mtu pembeni anayefaidika kwa kushindwa kwako. Mpira wa jioni ni hivyo hivyo. Lakini bao linahitaji mzee atakayelifundisha, na mpira unahitaji uwanja usiolimwa. Tukiyanyima haya mawili kisha tukakilaumu kibanda, lawama yetu haitakuwa na uzito.

Ndugu zangu, hatuna uwezo wa kuzuia kila sanduku linalovuka mpaka wa Tunduma au kupakuliwa katika simu. Lakini tunao uwezo wa kumlea mtoto ambaye, tarakimu zinapohesabiwa kushuka mbele yake na wenzake wakimwita, anaweza kuushika mfuko wake, akatabasamu, akasema: basi kwa leo, na akaenda nyumbani. Mtoto huyo akikua, atajua kusema basi mbele ya mambo mazito kuliko gemu.

Mwenyezi Mungu atujaalie hekima katika malezi, awalinde vijana wetu, na abariki jasho la wakulima wetu. Amin.

Wassalaam alaikum wa Rahmatullahi wa Barakaatuh.